Fungu la Yabung

Bibi yake Yabung Silan alichanjwa chale za wino mashavuni alipokuwa msichana, kwa kuwa alishajua kufuma. Asiye na chale hizo, akifa, havuki daraja la upinde wa mvua kwenda kwa wazee wake. Halafu Wajapani, waliotawala Taiwani siku hizo, walipanda hadi milimani kwetu Waatayali, wakazipiga marufuku, na baadhi ya waliokwisha kuchanjwa wakakatwa ngozi ya mashavu na kushonwa. Yabung alikua akilala kando ya mashavu yale yaliyokunjamana kama mdomo wa gunia. Bibi alipokaribia kufa aliuliza jambo moja tu: kule darajani watanijuaje?

Yabung akaanza kuisoma historia. Alikuwa mkulima wa mapichi, si mtu wa vyuo. Mvua ikimtoa shambani aliingia kwa mzee huyu au yule, wakamenya maharagwe huku akimhoji kuhusu enzi za Wajapani: nani alivaa sare, watoto walipigwa kwa kosa gani, tuliacha lini kuzika wafu wetu ndani ya nyumba. Alijifunza hata Kijapani, kwa sababu wazee wengine wakizungumzia aibu hukimbilia lugha hiyo. Watu walidhani anapenda hadithi. Yeye alikuwa anatafuta mikono. Kisu kilikuwa cha daktari wa Kijapani, lakini aliyemshika bibi kichwa alimnong'oneza atulie, kwa Kiatayali.

Ilichukua miaka. Mwishowe Pitay, kikongwe ambaye siku ile alikuwa mtoto wa kushika beseni la maji, alimtajia jina la Batu Losing, mwenzetu, askari wa Wajapani. Yabung alimshukuru, akaendelea kumenya.

Batu alikuwa ameshakufa, ila aliacha mjukuu, Temu, mwenye nyumba ya wageni na ulimi mtamu. Temu akajenga makumbusho ya mila, na kwenye kibao cha mlangoni akamwita babu yake mlinzi wa chale za uso. Akikutana na Yabung alimtania.

"Shangazi, bado unafukua wafu? Njoo nikuweke kwenye kabati la kioo, watalii walipe kukuona."

Yabung alicheka naye, kisha akauliza siku ya ufunguzi atachinja nguruwe mkubwa kiasi gani. Temu akajisifu kwamba hajawahi kuonekana wa namna hiyo.

Kwetu mwenye kosa ndiye huleta nguruwe. Ukweli husemwa kwanza, nyama hugawanywa, na aliyekosewa akishakula, kesi imekufa. Haitajwi tena.

Basi siku hiyo mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya majani ya mgomba, wazee wamekaa, wageni wa mjini wanapiga picha. Yabung akasimama.

"Namshukuru Temu kwa kuleta nguruwe wa mashavu ya bibi yangu. Babu yake ndiye aliyemshika kichwa akikatwa. Pitay alikuwepo, yule pale, muulizeni. Temu aseme mwenyewe, halafu tule."

Mikono iliyokuwa inakwenda kwenye nyama ikarudi mapajani. Temu alijaribu kucheka, akasema hii ni sherehe, si baraza. Akamgeukia Pitay, naye akasema tu kwamba maji ya lile beseni yaligeuka mekundu. Temu akamvuta Yabung pembeni, akamwahidi chumba kizima chenye jina la bibi.

"Bibi alitaka uso," Yabung akamwambia. "Chumba alikuwa nacho."

Nzi wakaanza kutua kwenye nyama. Mwishowe Temu akasema, macho chini, kwamba babu yake alimshika yule mama. Wa nyuma wakadai hawakusikia. Akarudia. Kibao kikang'olewa nyama ikiwa bado iko majanini.

Watu wakala. Temu, alipoona Yabung hajala, alimpelekea fungu lake kwa mikono miwili.

"Kula, shangazi. Yaishe."

Yabung akalipokea, akalifunga kwa jani, akaenda nalo nyumbani. Akalikatakata, akalichanganya na wali na chumvi, akalishindilia kwenye mtungi na kuufunga, kama tunavyochachusha nyama sisi sote. Tofauti ni kwamba sisi tunaifungua.

Kila mavuno mke wa Temu hutumwa kwake na pombe ya ulezi. Yabung huinywa, huisifu, humuulizia mumewe hali. Mgeni akiutazama ule mtungi, Yabung humwambia nyama haijaiva.