Interview mbili Lilongwe: ya kwanza nilieleza vita nikapewa koti, ya pili nilieleza mikate

Wakuu, heshima kwenu.

Jana nimesoma humu kijana anaomba ushauri, ana interview wiki ijayo na hajui ajitambulishe vipi. Watu kumi na kitu wakamwambia aanze na hali ngumu ya nyumbani kwao, eti wale mabosi wataguswa.

Nimeshindwa kunyamaza. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga nitasema pia.

Kiswahili changu ni cha Burundi kilichokaa na Wakongomani miaka mingi. Mtanivumilia.

Mwaka 1996 nilikuwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, wilaya ya Dowa. Naitwa Goreti. Nilikuwa na watoto wawili, chumba kimoja cha matofali ya udongo, na kazi niliyoijua kuliko kitu kingine chochote: mikate.

Kwetu Rumonge nilifanya kazi boulangerie, yaani mahali pa kuoka mikate, miaka tisa. Nilianza kwa kuosha bati za kuokea, nikaishia kuwa mkubwa wa tanuri. Wanaume watano walikuwa chini yangu na hakuna aliyethubutu kufungua mlango wa tanuri bila mimi kusema.

Kambini nikawa nakaanga mandazi. Si vibaya, mandazi ni chakula. Lakini mtu aliyezoea kutoa mikate mia tatu asubuhi, ukimpa karai moja anajisikia kama amefungwa mikono.

Basi kanisani likasomwa tangazo: nyumba moja ya wageni mjini Lilongwe inatafuta mpishi. Nikapeleka jina, nikaitwa.

Jirani yangu alikuwa Mwalimu Zakaria, mtu wa Fizi kule Kongo, alikuwa anafundisha watoto wa kambi Kiingereza. Nikamuuliza, wakisema "jieleze" niseme nini?

"Dada Goreti, we anza na vita," akaniambia. "Sema vile mulikimbia. Sema batoto balilala njaa. Bale bantu banapenda kusikia mateso. Bakisha kulia, kazi iko yako."

Nikamwamini. Alikuwa mtu mwema na alikuwa ametembea kuliko mimi.

Siku ya siku nikaingia. Meza ndefu, watu watatu, kati yao mama mmoja wa Kizungu mwenye sauti ya upole sana. Akasema, tueleze kuhusu wewe.

Wakuu, nilieleza. Nilianza usiku ule tuliotoka nyumbani, nikapita njiani, nikafika mahali tulipomzika mama yangu bila sanduku. Kiingereza kikikata naweka Kifaransa, yule mama anawatafsiria wenzake. Akatoa kitambaa, akalia. Mimi huku moyoni nasema: njo (ndiyo) hivi, nimefaulu.

Hakuna aliyeniuliza kama naweza hata kuchemsha yai.

Mwisho akanishika mikono yote miwili, akaniambia mimi ni mwanamke jasiri. Halafu akasema kwa kazi hii, kwa bahati mbaya, wanahitaji mtu mwenye uzoefu.

Uzoefu! Miaka tisa ya uzoefu nilikuwa nayo mdomoni na sikuitoa hata mwezi mmoja.

Wakati natoka wakanipa mfuko wa nguo. Ndani kulikuwa na koti zito la sufu, la nchi zenye theluji. Ilikuwa Oktoba. Wanaoijua Lilongwe ya Oktoba wanajua jua lake.

Na mimi nikalipokea. Nikasema "zikomo kwambiri", yaani asante sana, nikapiga na magoti kidogo.

Nimerudi nyuma ya pickup, ile wanayoita matola, mfuko mapajani. Mwanzo nilisikia aibu. Tulipoanza kupanda kuelekea Dowa aibu ikageuka hasira, na sehemu kubwa ya hasira ilikuwa yangu mimi kwa mimi. Nilikuwa nimemtoa mama yangu kaburini, nimemweka mezani kwa watu nisiowajua, na nimerudi na koti.

Zakaria akaja jioni kuuliza habari. Nikamweleza.

"Si hata koti umepata?" akasema.

"Livae wewe," nikamjibu.

Tukakaa wiki nzima bila salamu.

Halafu muuza unga mmoja aliyekuwa anakuja kambini kutoka Mponela akaniambia kuna bakery Chilinde, kule kule Lilongwe, karibu na soko, mwokaji wao amehama na mikate yao siku hizi inachekesha. Wanatafuta mtu.

Nikameza kiburi changu nikaenda kwa Zakaria. "Mwalimu, niandikie Kiingereza. Lakini vita usiiweke."

"Sasa utasema nini?"

"Nitasema mikate."

Akacheka, akachukua kalamu. Nikamtajia: Naitwa Goreti. Ni mwokaji wa mikate, miaka tisa. Nimesimamia tanuri la kuni na watu watano. Natoka Dzaleka, kadi yangu ya ukimbizi hii hapa. Nimekuja kuona kama tutafaana.

Hapo mwisho akaweka kalamu chini. "Hii hapana, dada. Batakufukuza. We njo unatafuta kazi, si wao."

"Andika, Mwalimu."

Akaandika. Nilizikariri sentensi hizo siku nne, nikikanda unga wa mandazi, mpaka mtoto wangu mdogo naye akawa anazisema.

Chilinde hakukuwa na meza ndefu. Kulikuwa na ofisi ndogo yenye magunia ya ngano hadi dirishani. Mwenye bakery amekaa, na mlangoni amesimama mama mmoja mnene, unga hadi kwenye viwiko. Huyo alikuwa Mayi Phiri, yaani Mama Phiri, msimamizi wa kazi.

Nikasema sentensi zangu zote. Kadi nikaiweka mezani.

Bosi akaiangalia, uso wake ukabadilika. "Oh, pole sana. Ilikuwaje huko kwenu? Tueleze."

"Bwana, hayo siyo yaliyonileta."

"Na mume wako yuko wapi?"

"Sijui."

Hiyo ilikuwa kweli, sikujua. (Na nyinyi wakuu, msiniulize kwenye comments. Hapo hapafunguliwi.)

Akaegemea nyuma. "Kwa mkimbizi, una maringo."

Masikio yakapata moto. Nikajiambia, Goreti, kama ni kutoka, leo utatoka ukiwa mwokaji. Nikamwambia, "Bwana, ulitafuta mwokaji. Niulize mikate. Nikishindwa kujibu nitatoka mwenyewe, hutasumbuka kunifukuza."

Akanisukumia kadi yangu. Maana yake nilielewa, nikaichukua.

Ndipo yule mama wa mlangoni akaongea, taratibu, anachanganya Chichewa na Kiingereza ili nisikose. "Mikate yetu inaumuka vizuri kwenye bati. Ikiingia tanurini inashuka katikati. Tangu mwezi uliopita. Kwa nini?"

"Hamira mnaweka kiasi gani? Kile kile cha wakati wa baridi?"

"Kile kile."

"Maji mnachota wapi?"

"Kwenye pipa, pale nje."

"Juani?"

Alitoka. Aliporudi mkono wake ulikuwa unadondosha maji.

"Ni ya moto," akamwambia bosi. "Kama ya kuoga."

Nikawaeleza: joto limekuja, maji yana moto, hamira haijapunguzwa, unga unaumuka haraka unachoka kabla ya kuona tanuri. Hamisheni pipa kivulini, punguzeni hamira, msiungoje muda mrefu.

Bosi akasema nijaribiwe siku tatu.

Siku ya kwanza wale vijana wa tanuri walinicheka matamshi. Siku ya pili mikate ilisimama. Siku ya tatu Mayi Phiri alikata mmoja katikati, akaubonyeza, akampa bosi. Bosi alikula kipande kizima akiwa amesimama, kisha akaniuliza ni karatasi gani zinatakiwa serikalini ili niruhusiwe kufanya kazi. Alizifuatilia mwenyewe, ilichukua miezi.

Nilikaa pale miaka saba. Yule bosi hatukuwahi kuwa marafiki, lakini hakuniuliza tena ilikuwaje huko kwetu.

Sasa kijana wa jana, kama unasoma. Sikwambii ufiche unakotoka, mimi kadi yangu niliiweka mezani mbele ya macho yao. Ninachosema ni kwamba shida zako si kazi yako. Wakikuambia jieleze, taja unachojua kufanya, umefanya wapi, muda gani, halafu nyamaza wakuulize. Wakitaka machozi, waache wayakose. Mtu akishakuonea huruma anakupa alichokichoka, na wewe unapokea unasema asante.

Najua wapo watakaosema njaa haina heshima, ungekosa ungekula nini. Ningekula mandazi yangu.

Nimemaliza. Mwenye kubisha abishe, na aliyewahi kupewa koti badala ya kazi naye aseme, nataka kujua tuko wangapi.