Nyuzi Zinachemshwa, Kidole Kinafichwa

Saa kumi na mbili asubuhi Janvier Kabera anashuka kwenye pikipiki huko Nyamyumba, anatoa mfukoni nyuzi nne za gitaa la besi na kuzitumbukiza kwenye chemchemi ya maji ya moto. Kisha anatazama kushoto, anatazama kulia, na kuuloweka mkono wake wa kushoto pembeni, maji yalikopoa.

Wanaokuja kukanda magoti na migongo wamemzoea. Wanamwita fundi wa waya.

Janvier, mwenye miaka hamsini na miwili, amepiga besi miaka ishirini na sita katika bendi ya roki inayotumbuiza kwenye baa moja ya ufukweni Gisenyi. Mji huu haujawahi kuwadekeza wanaroki, lakini yeye ni king'ang'anizi.

"Rumba ni tamu," anasema akijipiga tumbo, "lakini roki, eh, naisikia hapa. Inasukuma mutu."

Tangu Januari kidole chake cha pete kimekataa kukunjika. Wenzake hakuwaambia. Seti mpya ya nyuzi ni faranga elfu arobaini na tano, malipo ya maonyesho matatu, kwa hiyo aliposema anakwenda kuzichemsha ili zirudishe mlio, walimcheka kwa ubahili wake, wakaamini.

"Mupiga besi akisema kidole imekufa, bon, wanatafuta mwingine," anasema. Uongo huo ulimkera, ila hofu ilimzidi nguvu.

Jumamosi hii mwenye baa atawasikiliza na kuamua kama Janvier anabaki, au kazi yake ifanywe na kinanda. Mwanzoni Janvier alikuwa ametulia tuli. Nyimbo zilizomshinda Februari alikuwa anazimudu, akajua maji yamemponya.

Juzi mazoezini akawaambia wenzake yote: kidole kilikuwa kibovu, sasa kimepona. Mpiga ngoma Illuminée Uwineza, aliyepiga naye kwa miaka minane, akaweka vijiti chini.

"Muzee Janvier, haijapona. Ni mi nilipunguza mwendo wa nyimbo, tangu Pasaka. Niliona unateseka."

Janvier aliketi juu ya spika akalia mbele yao wote. Kupendwa hivyo kunauma.

Na mwenye baa anazijua nyimbo hizo kwa kasi ya zamani. Sasa Janvier anajifunza upya kila wimbo kwa vidole vitatu, na nyimbo mbili bado zinamtoa jasho.

Jana alimwomba Illuminée jambo moja. "Dada, Jumamosi rudisha mwendo. Usinihurumie. Nikianguka, watu waone nimeanguka nikikimbia."

Illuminée aliinua vijiti, akahesabu hadi nne kwa kasi ya zamani, na Janvier akaingia na besi yake.