Mitungi ya Loretta Hudak kabla ya mechi ya leo

Nje bado ni giza na ukungu wa mto umelala barabarani, lakini Mtaa wa Pili wote unajua Loretta Hudak ameshaamka. Siagi ikianza kuyeyuka kwenye tanuri lake, hata mbwa wanageuza shingo.

Amesimama mbele ya meza ya bekari, anakoroga sukari ya unga na maziwa. Anadondosha rangi nyekundu, anakoroga tena, anaonja kwa kidole. Mikono imekuwa myekundu mpaka viwikoni. Mtu asiyemjua angedhani mama wa watu katoka kuchinja.

“Kila mwaka nasema nitavaa glavu,” anasema. “Na kila mwaka naenda kanisani na kucha nyekundu. Padri ameshanizoea.”

Pembeni kuna bakuli la pili, limefunikwa kitambaa. Hilo ni la rangi ya kijani, na ndilo lililoleta maneno yote ya wiki hii.

Ni wiki ya mtoano. Leo Ijumaa jioni vijana wa shule yetu ya Tarrville wanacheza na vijana wa Kessing, ng'ambo ya daraja. Atakayefungwa anarudisha kofia na mabega ya plastiki stoo, msimu wake umekwisha. Mpira wetu huu wa kubeba mkononi hauna cha marudiano.

Na wiki ya mtoano, Loretta anapika biskuti za umbo la mpira, uliochongoka huku na huku. Nyekundu ni za kwetu. Za pili zina rangi ya yule tunayekutana naye. Ukinunua nyekundu, Ruthanne Bodnar, anayeuza pale kaunta tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, anadondosha punje ya haragwe jekundu kwenye mtungi wa kioo dirishani. Ukinunua kijani, anadondosha njegere kavu kwenye mtungi wa pili. Alhamisi saa sita mchana Loretta anatazama mtungi upi umejaa zaidi, anaandika kibao, anakiweka dirishani. Huo ndio utabiri.

Sasa tuseme ukweli, maana mji huu tunajuana. Mtungi mwekundu hushinda kila tukikutana na Kessing. Watu wa Kessing wiki hiyo hawavuki daraja, hata dawa ya kikohozi wananunua kwao. Kwa hiyo wanunuzi ni sisi wenyewe. Marehemu Emil, mume wa Loretta, alikuwa anacheka: “Huo si utabiri, huo ni uchaguzi wa mgombea mmoja.”

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Bila Emil habari hii haina miguu.

Emil Hudak alikuwa mtu wa Kessing. Alivuka daraja akiwa kijana kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma, akaingia bekari kununua mkate. Akarudi kesho yake. Akarudi keshokutwa. Mama yake Loretta, ndiye aliyekuwa na bekari wakati huo, akamwambia binti yake, “Huyu kijana ama ana familia kubwa, ama ana macho na wewe.”

Alikuwa anaishi peke yake, mikate inamuozea kabatini.

Wakaoana. Kiwanda kilipofungwa, Emil akawa dereva wa gari la mikate. Alihama mji, alihama nyumba, alihama hata kanisa. Timu hakuhama.

Kila tulipopangiwa Kessing, Emil alikuwa na mambo yake. Anavua aproni. Anatokea mlango wa nyuma, anazunguka nyumba nzima hata kama kuna mvua, anaingia mlango wa mbele kama mteja. Anapanga foleni. Akifika kaunta anasema kwa sauti ya watu wote kusikia, “Mama, nipe zile zenye heshima.” Analipa kwa hela yake ya mfukoni, anakula moja hapohapo, taratibu, huku watu wanamzomea.

“Dom Petrella ndiye alikuwa kiongozi wa kuzomea,” anasema Ruthanne. Dom ni yule wa tairi pale kona, aliyechezea Tarrville enzi zake, na goti linamkumbusha mpaka leo. “Alikuwa anamwambia, ‘Emil, rangi hiyo ndiyo ya kuku aliyeoza.’ Na Emil anamwambia, ‘Kuku huyo aliwafunga mwaka juzi.’”

Mwezi wa nane Emil alilala mchana kwenye kochi, redio iko wazi. Hakuamka. Moyo, alisema daktari.

Basi Jumatatu ya wiki hii Loretta alipika nyekundu peke yake.

“Nikamuuliza, kijani kiko wapi?” anasema Ruthanne. “Akanijibu, ‘Nani atanunua?’ Nikaupangusa mtungi wa pili, nikaurudisha dirishani mtupu.”

Hela haikuwa shida. Biskuti moja ni dola moja na nusu. Bekari ya mtaani siku hizi inalipa gesi, unga na mshahara wa Ruthanne, na kinachobaki, anavyosema Loretta mwenyewe, “kinanunua kiatu cha kushoto.” Trei moja isingemuua. Kilichokuwa kinamtisha ni kingine.

“Nikipika halafu ibaki imejaa,” ananiambia, anafuta meza ambayo tayari ni safi, “nitasimama hapa wiki nzima naitazama. Mazishini watu walikuwa wengi, chakula kingi, sikupata nafasi ya kujua. Nikaona hiyo trei ndiyo itaniambia. Kwamba kweli hayupo.”

Hata hivyo Jumanne alipika. Trei moja tu. Anasema mkono ulienda kwenye kopo la kijani wenyewe, hakuuruhusu.

Trei ikakaa asubuhi nzima. Watu wanaingia, wanachukua nyekundu, wanachukua mkate wa karanga, macho yao yanairuka ile trei kama wanavyoruka kidimbwi. Loretta akawa anajifanya ana kazi jikoni.

Mchana akaingia Dom. Akachukua nyekundu dazeni moja za vijana wake wa gereji. Akalipa. Hakuondoka. Akageuka huku na huku, akamwinamia Ruthanne.

“Na moja ya kijani.”

“Ya nani?”

“Ya mbwa.”

“Mbwa wako anashabikia Kessing?”

“Mbwa wangu hana akili, Ruthanne. Weka kwenye mfuko.”

Njegere ya kwanza ikalia kwenye mtungi mtupu, ting. Loretta aliisikia kutoka jikoni.

Akafuata mwalimu wa hesabu, anasema mama mkwe wake anapenda rangi hiyo. Akafuata mwendesha basi la shule, anasema amekosea kunyoosha kidole, lakini basi, ameshanunua. Padri akachukua mbili, akasema ni za uchunguzi. Kila mmoja anaisweka ndani ya koti, anatoka kama kaiba.

Jumatano Loretta alipika trei tatu. Na wote hao, kila mtu anadhani ni yeye peke yake.

Ilipofika jioni, vijana wa timu wanatoka mazoezini, wakasimama dirishani. Njegere zimepita maharage. Habari ikafika kila nyumba kabla ya chakula kuiva.

Jana asubuhi Dom alifika mlango haujafunguliwa, akagonga kioo.

“Loretta, kuna msaliti mjini humu.”

“Ingia, unaleta baridi.”

“Nakwambia kuna mtu anavuka daraja usiku usiku anawapa watu hela wanunue kijani. Haiwezekani. Nawajua watu hawa.”

Ruthanne alikuwa anapanga mikate, hakugeuka. “Dom, mbwa wako amekula ngapi mpaka sasa?”

Dom akatazama dari.

“Dom.”

“Sita,” akasema. “Saba.”

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akaanza kukohoa. Mama mkwe wake alikuwa amekula nne. Foleni nzima ikawa inatazama viatu.

Hapo ndipo Bi Kosik, ambaye ana miaka yake na haogopi mtu, aliwapita wote kwa fimbo yake mpaka kaunta. Huyu ndiye aliyemfundisha Loretta darasa la kwanza.

“Mimi sina mbwa,” akasema. “Nipe ya Emil.”

Ruthanne akampa. Hakuna aliyecheka. Dom akavua kofia yake nyekundu, akaikunja mkononi, akasema, “Na mimi. Ya Emil. Nyingine.”

Loretta alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Aliyasikia yote. Akarudi ndani, akatia mikono kwenye unga uliokuwa umeshakandwa, akaukanda upya. Ruthanne anasema mikate ile ilitoka migumu, na waliiuza hivyohivyo, na hakuna aliyelalamika.

Sasa ikabaki kazi ya kibao.

Saa tano na kitu kocha Renner mwenyewe akaja, mtu ambaye kwa miaka yote huzunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya mitungi. Akasimama anasugua kidevu.

“Mama Loretta, mimi siamini mambo haya.”

“Najua, mwanangu.”

“Lakini vijana wangu wanaamini. Mmoja hajala tangu jana.”

Dom akarukia. “Ni rahisi. Za Emil zitoe. Zile ni za rambirambi, si za mechi. Au tia kikombe kimoja cha maharage, nani ataona?”

“Mimi nitaona,” akasema Ruthanne.

Watu wakaanza kubishana kama bungeni. Padri akasema kwa upande mmoja za rambirambi ni kweli hazihusiki, kwa upande mwingine zililipiwa hela halali. Loretta akawaacha waseme. Akajipangusa mikono.

“Emil alikuwa ananunua kila mara, na kila mara tulikuwa tunamhesabu,” akasema. “Sikumtoa alipokuwa anawaudhi. Nimtoe leo?”

Dom akaivaa tena kofia yake.

Loretta akamgeukia kocha. “Waambie watoto hivi. Mitungi inasema Kessing. Mimi niliyelijaza tanuri nasema Tarrville, ishirini kwa kumi na saba.”

Na hakusema kwa kumfariji. Mwanamke huyu amekaa kwenye viti vile tangu vikiwa vya mbao. Anasema yule mrushaji wao, Cole Vasko, ana mkono mzuri sana, mpira unatoka kwake umenyooka kama mstari, lakini leo jioni mvua inatoka mtoni na mpira uliolowa hauna adabu. Sisi hatutegemei kurusha. Sisi tuna Marcus Teague, yule mtoto mnene wa miguu, anayepewa mpira na kwenda nao hatua nne, halafu nne nyingine, wakimning'inia. Kwenye matope, anasema, nne nne zinatosha. Anachoogopa ni mguu wa mpigaji wao, yule anayeupitisha mpira kati ya milingoti kwa pointi tatu. Tukiwaacha wasogee karibu dakika za mwisho, mguu ule hauogopi mvua.

“Watapata tatu hapo,” anasema. “Ndiyo ile kumi na saba. Lakini sisi tutakuwa mbele.”

Dom yeye anasema thelathini na nne kwa sufuri. Anasema hivyo kila mwaka, hata mwaka ule tulipofungwa.

Saa sita Loretta akaandika kibao: KESSING. Akakiweka dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu mitungi ile iwepo. Mtu mmoja nje akapiga honi ndefu ya huzuni. Kocha akaenda na boksi la biskuti nyekundu chini ya kwapa, na kijana yule inasemekana amekula tano.

Leo jioni Loretta atafunga mapema, atapanda kilima kwenda uwanjani. Nilidhani atakaa nyumbani mwaka huu. Nikamuuliza atakaa na nani.

Akaniambia jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tunaliona bila kuliuliza. Miaka yote ya ndoa yao, mechi ya Kessing hawakuwahi kukaa pamoja. Wakifika getini wanaachana. Yeye anaenda upande wetu, Emil anaenda ng'ambo kwa wageni, uwanja mzima katikati yao. Wakati wa mapumziko wanakutana kwenye uzio wa nyuma, wanagawana chai ya chupa, wanaachana tena.

“Na tukirudi nyumbani ananiambia, ‘Nilikuwa nakuona.’ Namwambia mwongo wewe, kutoka kule? Na macho yale? Ananiambia, ‘Mama, nakuona tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulipofunika uso tulipofunga, nilikuona.’ Miaka yote tunabishana hilo.”

Anafunika trei ya mwisho kwa kitambaa, anafungua mkanda wa aproni.

“Nusu ya kwanza nitakaa kwetu,” anasema. “Mapumziko nitaacha blanketi langu jekundu pale kwenye kiti changu, Ruthanne akae jirani, mtu asiliguse. Halafu nitazunguka uzio nikakae kwake. Wakinizomea, wanizomee. Nikifika nitageuka nilitazame kutoka kule.”

Akaitundika aproni msumarini.

“Nataka kujua kama kweli alikuwa ananiona.”