Nilikaa foleni ya akina mama kupimwa titi Msambweni, na mgonjwa ni mimi mwanamume

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Miaka mingi humu nimekuwa msomaji wa pembeni. Naingia jukwaa la mpira, nacheka, natoka. Leo naandika mwenyewe. Haya yamenikuta mimi, sikusimuliwa na mtu, na chumvi sikutia.

Mimi ni fundi wa friji na AC. Nakaa Mwabungo, kazi zangu nyingi ni za mahoteli ya Diani. Umri arubaini na tisa. Nina mke, Riziki, na watoto watatu.

Mambo yalianza na fulana.

Riziki alikuwa anafua, akaniita uani. Fulana yangu nyeupe ilikuwa na doa dogo la damu upande wa kushoto, sawasawa na chuchu. Akaniuliza nimejikata na nini. Nikamwambia labda bati la AC limenikwaruza.

Nilikuwa najua si bati.

Nyuma ya chuchu palikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kokwa ya ukwaju. Nilikuwa nimekigusa tangu Ramadhani. Hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma nikakiacha. Chuchu yenyewe ilikuwa imeanza kuingia ndani, nikasema ni uzee.

Riziki hakubishana nami. Alimaliza kuanika nguo, kisha akampigia simu dada yangu.

Dada Mwanasha ananizidi miaka sita. Anauza leso Kinondo. Mama yetu alifariki kwa saratani ya titi, na Mwanasha ndiye aliyemuuguza, akimsafisha kidonda kila siku mpaka mwisho. Tangu hapo ugonjwa huo hautajwi mbele yake. Wanawake wenzake walipokuwa wanakwenda kupimwa, yeye hakukosa udhuru. Mara wageni, mara mguu unauma.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu.

"Vua shati."

"Dada, tusalimiane kwanza."

"Tutasalimiana baadaye. Vua."

Akagusa mara moja tu, akakaa kwenye mkeka.

"Ni kama la mama," alisema. "Twende Msambweni."

Nikamwambia ugonjwa ule ni wa wanawake.

"Basi twende daktari akatuambie hivyo."

Wakuu, nami nilikuwa naamini hivyo kabisa. Kumbe mwanamume naye ana nyama ya titi, kidogo tu, na hiyo kidogo yatosha kushika ugonjwa. Ni nadra, lakini upo.

Tulifika hospitali kubwa pale Msambweni tukaonyeshwa benchi. Wote waliokaa ni wanawake. Nikaketi pembeni kabisa, karibu na mama mmoja mtu mzima aliyetoka upande wa Kinango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemleta mkeo?"

"La, huyu ni dada yangu."

"Mungu amjaalie afya."

"Amin. Lakini mgonjwa ni mimi."

Akanitazama kifua, akasogeza kikapu chake.

"Basi kaa vizuri. Kifua ni kifua."

Hakuna neno nililoambiwa siku ile lililonisaidia kama hilo.

Sasa vipimo, maana najua wengi mtauliza.

Kwanza ni maswali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu. Alichukua fomu, akaisoma, akatabasamu. "Hii inauliza umenyonyesha watoto wangapi. Tutayaruka maswali mawili matatu." Akauliza kuhusu ukoo. Nikamweleza habari ya mama.

Kisha mkono. Anagusa titi lote kwa vidole, halafu kwapani na juu ya mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, anatafuta tezi zilizovimba. Hakuna maumivu. Haya ipo, lakini inakwisha upesi, kwa sababu yeye anafanya kazi yake kama mimi ninavyofungua friji.

Halafu mammogram, yaani eksirei ya titi. Unasimama kifua wazi, titi linawekwa juu ya kibao na kibao cha pili kinashuka kulibana. Mimi sina cha kubana, kwa hiyo yule dada wa mashine alihangaika kunivuta ngozi. "Pole kaka, usipumue." Inabana kweli, lakini ni kwa sekunde chache, kisha inaachia.

Baadaye ultrasound. Ile jeli ya baridi, kidude kinapitapita, basi.

Cha mwisho ni biopsy, kukata kinyama kidogo kikapimwe. Hiki ndicho nilichokiogopa. Unapigwa sindano ya ganzi, na hiyo ndiyo inayouma. Ikishika, wanaingiza sindano nene yenye kijembe ndani. Ikikata inalia "tak" kama stepla. Mara nne. Nilihisi kusukumwa tu. Nikafungwa bandeji, nikaambiwa nisibebe kitu kizito siku kadhaa. Palivilia damu wiki nzima, pakapoa.

Niseme jambo moja. Kuna watu mtaani waliniambia uvimbe ukitobolewa ndipo saratani inatapakaa. Nilimuuliza daktari waziwazi. Akasema hofu hiyo ndiyo inayowaleta watu kwake wakiwa wamechelewa, kwa sababu bila kile kinyama hawezi kujua anatibu nini.

Tulipokuwa tunaaga, daktari akamgeukia Mwanasha.

"Na wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Mama yenu alikuwa nayo. Ndugu yako tunamchunguza. Wewe, dada yangu, si msindikizaji."

Mwanasha alikaza mkoba wake mapajani. Nilijua nikisema neno atanuna mpaka Kinondo. Kisha akauliza, "Yule wa mashine ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

Akasimama. Alipotoka chumba cha mashine alikuwa anarekebisha ushungi.

Majibu ya biopsy yalichukua wiki tatu. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko sindano. Nilikwenda kazini kama kawaida, na mara mbili nilisahau vifaa kwa mteja, jambo ambalo si desturi yangu.

Siku ya majibu tuliingia pamoja, mimi, Riziki na dada. Daktari hakuzunguka.

"Bakari, ni saratani. Kwa tunavyoona sasa haijatoka kwenye titi. Inatibika."

Nikajikuta natazama AC ukutani, nasikiliza feni yake. Ilikuwa inazunguka sawasawa. Nakumbuka hilo kuliko maneno yaliyofuata. Riziki ndiye aliyeuliza maswali yote, akaandika nyuma ya kadi yangu.

Kisha daktari akafungua picha za Mwanasha. Hazikuonyesha kitu. Arudi mwakani, na kila mwaka.

Hapo ndipo dada alipolia. Kwa majibu yangu hakulia, alikuwa amenishika mkono kwa nguvu. Kwa majibu yake mwenyewe alilia mpaka Riziki akamfungulia mlango apate hewa. Baadaye aliniambia, "Tangu tumzike mama nilikuwa najua anayefuata ni mimi. Hata leso mpya sikujinunulia. Naziuza tu."

Nilipasuliwa. Titi la kushoto liliondolewa pamoja na tezi kadhaa za kwapani. Sasa nameza kidonge cha kuizuia isirudi kila siku, na nitakimeza miaka. Mkono ulikuwa mzito mwanzoni, nikapewa mazoezi ya kuunyanyua ukutani. Kazi nimerudi, ila mtungi wa gesi sibebi peke yangu. Kovu lipo, limenyooka kama mshono wa gunia. Siku ya kwanza kuogelea kifua wazi watu waliangalia. Ya pili walizoea.

Funzo nililopata ni dogo. Nilikuwa naujua ule uvimbe kwa miezi, na kilichonizuia si umaskini wala umbali, ni kuona kwamba ugonjwa una jinsia. Mwanamume ukioga, pitisha vidole kifuani na kwapani. Ukiona uvimbe mgumu, chuchu inazama, au damu, nenda, hata kama hauumi. Na kama mama au dada yako aliugua, mwambie daktari bila kuulizwa.

Mimi si daktari, nasema niliyopitia. Mwenye swali aulize hapa hapa, hata lile la kuonea haya. Na kama kuna mwanamume humu aliyepita njia hii, naomba ajitokeze. Mpaka leo sijakutana hata na mmoja, na ningependa kumjulia hali.