Bettina na Jogoo Aliyegoma

Kila asubuhi Bettina Lowe hupita kando ya boti yangu akipiga makasia. Jogoo wake husimama kwenye omo ya kiboti, kifua mbele, kama ndiye aliyeajiri wengine wote.

"Mzee Hollis! Bado uko hai?"

"Sijui. Sijanywa kahawa."

"Basi shuka ukanywe. Usinitazame mimi."

Lakini akirudi huwa ameniletea, ile ya Kikuba, nyeusi na tamu mpaka meno yanalia.

Hapa Key West, kisiwani kusini mwa Florida, watu huandika habari za wenye majumba makubwa na za waliozama na dhahabu. Bettina hana jumba na hajazama. Mimi nitaandika habari zake.

Alizaliwa hapa hapa, mtaa wa nyuma ya makaburi. Baba yake alikuwa mvuvi wa kaa. Yeye alifua mashuka ya hoteli mpaka kodi ya chumba ikamshinda. Akanunua boti ambayo injini yake ilikuwa imekufa na choo chake kilikuwa kinakata roho. Akaitia nanga karibu na yetu, akaachia mnyororo mfupi, akalala. Upepo ulipogeuka, boti ikaburuta nanga ikaja kutugonga ubavuni. Mke wangu Merle akatoka na fagio mkononi, akaisukuma.

"Karibu, dada," akamwambia. "Umekuja na sukari?"

Ndivyo walivyojuana. Merle akamfundisha kuachia mnyororo mrefu, kukinga maji ya mvua, kuoga kwa kikombe kimoja. Bettina akamfundisha Merle kutukana kwa Kikuba. Sijui nani alifaidi zaidi.

Huyo jogoo alimwokota kwenye kapu la nguo chafu, akiwa kifaranga. Kuku wa mji wetu hawana mwenyewe. Huvuka barabara wapendapo na magari husimama. Huyu alikataa kwenda na wenzake. Bettina akamwita Jaji, kwa sababu alikuwa akimtazama mtu kama amekwisha kumkuta na hatia.

Na hapo ndipo ulipotoka mchezo wake wa gatini, ambako wasanii huwachezea watalii kila jioni. Anafunga kamba kati ya vigingi viwili. Katikati kuna kistuli, na Jaji juu yake, amevaa ukosi mweupe wa karatasi. Huku mwisho wa kamba anasimama mume, kule mke, watalii wowote wawili. Bettina anasoma mashtaka.

"Mahakama imesikia kwamba mmoja wenu hupoteza funguo kisha humlaumu mwenzake! Jaji, tuonyeshe!"

Jaji anatembea juu ya kamba, unyayo kwa unyayo, anafika kwa mwenye hatia na kudonoa kofia yake. Punje ya mahindi Bettina huwa ameibandika humo mapema. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Gati lina sheria zake. Kila alasiri wasanii hupiga kura ya nafasi kwa vifuniko vya chupa. Ila nafasi chache za mbele, zinazotazama jua, hazipigiwi kura. Ni za wale walioweza kushika duara la watazamaji, lisitawanyike, mwaka hadi mwaka. Bettina alikuwa na moja. Ukishindwa kushika duara, unarudishwa nyuma kwenye mapipa ya taka, ambako watu hupita wameziba pua. Halafu hukumu lazima itoke jua bado lipo. Likizama tu, umati mzima hulipigia makofi, hugeuka, huenda kunywa.

Nasi wa kwenye maboti tuna letu. Jua likizama tunapiga makome, yale makombe makubwa ya baharini, yaliyokatwa ncha ili yapulizwe kama baragumu. Sauti inafika mpaka gatini. Wote hungoja lizame. Merle hakungoja. Yeye alipiga pale linapogusa maji tu.

"Mbona unawahi?" nilimwuliza.

"Napiga likiwa bado linasikia. Kumpigia aliyekwisha kwenda kuna maana gani?"

Majirani walimcheka miaka yote. Hakujali. Alisimama pale nyuma ya usukani, akanipa kikombe chake cha chai nimshikie, akapiga.

Merle alifariki joto lilipoanza. Hapo sitaandika mengi. Kome lake lilibaki kwenye msumari karibu na ngazi, nami nikawa napita upandeupande nisiliguse.

Majuma hayo hayo Jaji akagoma.

Siku ya kwanza Bettina alicheka. Alisoma mashtaka, akasema "tuonyeshe", na Jaji akasimama kwenye kistuli akiangalia meli.

"Jaji kala rushwa!" mtu akapiga kelele.

"Kesi imeahirishwa!"

Siku ya pili na ya tatu, vivyo hivyo. Watu wakaanza kwenda kwa msanii wa jirani, yule anayejinasua minyororoni. Bettina akawa anamtia Jaji kapuni mapema, kabla ya makofi ya jua, ili asizomewe zaidi.

Kila mtu akawa tabibu. Mwuza bajia alisema jogoo ana minyoo. Mpiga gitaa alisema ana mapenzi na mtetea mmoja mweupe wa pale dirisha la kuuzia kahawa. Bettina akamnywesha dawa ya minyoo. Kisha akamshika yule mtetea, akamweka mwisho wa kamba. Jaji akamtazama kama shahidi wa uongo.

Asubuhi moja tulikuwa bombani, mimi na Bettina, tunajaza madumu. Akaja Basilio. Basilio ndiye mwenyekiti wa wasanii. Humeza panga kila jioni, lakini maneno hayamezi.

"Dada Betty, unajua nimekuja kusema nini."

"Basi usiseme."

"Jumapili kamati inakaa. Kuna wale mume na mke wanaopanda ngazi isiyoegemezwa. Wanajaza watu."

"Wamefika juzi. Hata pua hazijawababuka na jua."

"Wanajaza watu, dada. Wewe na huyo kuku wako mnawatawanya."

"Si kuku. Ni Jaji."

"Basi Jaji astaafu." Akajikuna shingo. "Ukishika duara Jumapili, nafasi ni yako, na sitasikiliza neno la mtu. Ukikosa, unahamia kwenye mapipa."

"Mimi siendi kwenye mapipa."

"Utakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Ocala."

Basilio akashika njia yake. Ocala hakuna bahari. Kuna farasi.

Tuliporudi na madumu, Bettina alipiga makasia kwa nguvu mpaka tukafika ubavuni kwa boti yangu. 

"Mzee, kesho uje uniangalie. Labda kuna kitu nakosea, sikioni."

"Sijafika gatini tangu..."

"Najua tangu lini. Nilikuwepo. Uje."

Nikaenda. Nilivaa shati safi. Mwuza bajia aliniona akataka kusema pole, akanitilia bajia nyingi badala yake. Nikakaa kwenye kigogo cha kufungia meli, nyuma ya duara. Si duara, nusu duara. Watu wachache na mbwa.

Bettina hakukosea kitu. Alisoma mashtaka vizuri sana, nami mwenyewe nilijiona nina hatia. "Jaji, tuonyeshe!" Jaji akasimama. Bettina akarudia. Mbwa akapiga miayo. Mtu akacheka vibaya na wengine wakaondoka.

Hapo Basilio akapita na panga lake na kutikisa kichwa. Bettina alimwona.

"Unatikisia nini kichwa? Njoo useme hapa!"

Akamfuata wakibishana, akamwacha Jaji kwenye kistuli. Jua likazama. Umati wote ukageukia baharini, ukapiga makofi. Kutoka kwenye maboti yakalia makome, moja, kisha mengine.

Na Jaji akashuka kwenye kamba.

Alikwenda vizuri kabisa. Unyayo kwa unyayo, ukosi umenyooka. Akafika mwisho, akatafuta kofia, akakuta hakuna mtu. Akasimama pale kwenye kigingi, mkia kwa watu, na watu mkia kwake. Hakuna aliyeona ila mimi.

Bajia ilinipoa mkononi. Nilikuwa nimekwisha kujua.

Bettina aliporudi nilimwambia. Hakutaka kusikia.

"Kome? Mzee, huyu nimemfundisha mimi. Kwa mkono huu! Kwa mahindi haya!"

"Ulimfundisha jioni?"

"Jioni, ndiyo. Hapa hapa."

"Na ulimpa punje saa ngapi?"

"Akishatembea. Saa ya..."  Akamtazama Jaji, Jaji akamtazama yeye. "Saa ya Merle."

"Wengine hupiga jua likishazama. Anatembea nao, lakini wewe huwa umekwisha kumtia kapuni."

"Miaka yote natoka jasho hapa, napiga kelele, kumbe bwana huyu anamsikiliza Merle?"

"Ndivyo nilivyoona."

Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na kufuta macho kwa ukosi wa jogoo.

"Mwizi yule mwanamke! Kumbe mimi nilikuwa msaidizi wake!" Kisha akanigeukia. "Basi utapiga wewe."

"Sijui kupiga."

"Umekaa na baragumu ndani ya boti umri mzima, hujui kupiga?"

"Mimi nilikuwa nashika chai."

"Jumapili utaiweka chini."

Asubuhi ya Jumamosi nilisimama mbele ya ule msumari kwa muda. Kisha nikalitoa kome. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Mdomoni palikuwa pamelainika, pale alipokuwa akiweka midomo yake. Nikaweka yangu hapo hapo.

Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili, ng'ombe mgonjwa.

"Hollis!" jirani akaita kutoka boti ya pili. "Unachinja nini humo?"

"Najifunza!"

"Kajifunzie Cuba!"

Niliendelea mpaka midomo ikavimba. Bettina alipita na kiboti, akaziba masikio ya Jaji kwa viganja viwili. Sijui kama kuku huzibwa masikio hivyo.

"Asije akazoea hiyo!" akasema.

Jumapili sikwenda gatini. Nisingeweza, kazi yangu ilikuwa huku. Nilisimama nyuma ya usukani, mahali pake. Kule gatini niliona kofia nyeupe tu, nyingi, na kigingi kimoja cha Bettina. Sikuweza kusikia mashtaka. Nilikuwa na jua tu la kuliangalia, nikaliangalia.

Likagusa maji. Nikapiga.

Hewa.

Jua likaliwa kidogo chini. Nikafuta midomo na mkono wa shati. Nilimwona Bettina akilini mwangu, amesimama na mikono juu, na wale watu wanaanza kugeuza miguu. Nikawaza Ocala. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikapiga tena.

Ikatoka. Si nzuri kama yake. Lakini ilikuwa ndefu, na ilikwenda. Mwari, yule ndege mkubwa mla samaki, aliyekuwa amekaa juu ya boya akaruka.

Kisha kimya. Nikalishika kome mikono miwili. Nusu ya jua ilikuwa bado juu.

Halafu nikasikia kelele kutoka gatini. Kelele kubwa, ya vicheko na miluzi. Watu wetu hawalipigii makofi jua likiwa bado nusu. Hiyo haikuwa ya jua.

Jirani yangu naye alikuwa amesimama kwenye boti yake, kome mkononi, anangoja lizame. Akanitazama. Hakusema la Cuba tena. Akainua kome lake, akapiga hapo hapo, akawahi pamoja nami.

Bettina alikuja kabla mwanga haujaisha, Jaji mbele, na bajia za kome ndani ya karatasi.

"Umechelewa!" akaanza kunigombeza kabla hajafunga kamba ya kiboti. "Moyo umenisimama. Jaji alikuwa ananitazama kama mshtakiwa ni mimi. Nikasema basi, naenda kufuga farasi."

"Pumzi ilinikosa. Kisha?"

"Kisha akaenda! Taratibu, mzee. Kama mwenye nyumba anakagua nyumba yake. Watu wamejaa mpaka kwenye vipandio vya gati."

"Nani alikutwa na hatia?"

"Mume. Anakoroma. Mke wake alipiga magoti akamshukuru jogoo."

"Na Basilio?"

"Alipiga makofi akasahau ana panga mkononi. Kidogo ajikate sikio." Akakaa kwenye benchi, akavua viatu. "Nafasi yangu nimebaki nayo. Wale wa ngazi watakuwa kwenye mapipa, na ngazi yao ni ndefu, watapata hewa huko juu. Usimwambie Basilio habari za kome."

"Simwambii."

"Wala mtu yeyote. Nina jina langu."

"Ndiyo."

Akampa Jaji bajia. Nikataka kumwambia kuku hali bajia, lakini huyu alikula.

"Na kesho uwahi," akasema Bettina. "Yeye hakuchelewa hata siku moja."

"Najua."

Siku hizi siwezi kualikwa mahali jioni, nina kazi. Nachemsha chai mapema, naiweka kwenye benchi, nalitoa kome kwenye msumari. Nikimaliza, chai huwa imepoa kidogo, kwa kuwa hakuna wa kuishika. Nainywa hivyo hivyo.