Mama Mashine Ziwani

Mama Mashine hakuzaliwa na sauti kubwa. Aliipata kazini, kama wengine wanavyopata mgongo mbovu. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja mdogo na chumba cha mbele chenye mashine ya kusaga nafaka, mota yake ya zamani ikinguruma mpaka vikombe vya jirani vinacheza kabatini. Karibu na mashine ile ulikuwa na mawili tu: upige kelele au unyamaze. Yeye hakuwa mtu wa kunyamaza. Basi mahindi ya mtaa mzima yakapita mikononi mwake, sauti ikakua, na ikafika mahali mota ikizimwa, sauti yenyewe haizimiki. Akimsabahi mtu barabarani, waliokuwa madukani walitoka nje kuangalia ugomvi.

Kelele hizo zilimpa na ujuzi mwingine, nao ni kusoma midomo. Mteja alisimama mlangoni, kope zimejaa unga, akasema anachotaka. Sauti haikufika, lakini midomo ilifika, na mama wa watu alijua kama mahindi yanakobolewa kwanza au yanasagwa hivyo hivyo. Wasengenyaji wa foleni walilijua hilo kwa aibu. Siku moja wanawake wawili walikuwa nyuma kabisa wakimteta mwenzao, wakiamini mota inawafichia siri, mara wakasikia kutoka upande wa mashine: "SI KWELI! HAJAACHIKA YULE, AMEKWENDA KUMUUGUZA MAMA YAKE!" Tangu siku hiyo watu waliokuja kusaga walisengenyana wakiwa wamejifunika midomo kwa mifuko yao mitupu.

Binti yake sasa, sijui alitoka upande gani. Alisoma, akawa mkutubi, na maktaba ikamfundisha kuongea kwa sauti ya chini hivi kwamba ukitaka kumsikia unamsogezea sikio. "Mwanangu," mama yake alimuuliza mara nyingi, "hapo unaongea au unapumua?" Ni huko maktaba alikopata mchumba, kijana mpima ardhi aliyekuja kutafuta kitabu cha ndege akarudi kila wiki, ingawa kitabu chenyewe kilikuwa kimoja.

Familia ya kijana ilikuwa na mapenzi yake. Kila mwisho wa mwezi walitoka mjini na darubini zao na chupa ya chai, wakaenda kwenye maziwa ya kule vilimani, wakakaa saa nzima wakitazama ndege bila kusema neno. Mama Mashine alipoelezwa, alicheka hadi akashika ukuta.

"Wanawatazama tu? Hawawali?"

"Hawawali, mama."

"Na ndege wenyewe wanajua?"

Basi wakamwalika naye aende. Wangetembea, wangetazama ndege, na wakati wa chakula cha mchana wazazi wangekaa na kupanga tarehe ya harusi. Mama Mashine alinunua viatu vya kutembelea na kuwatangazia wateja wote, pamoja na wale ambao hawakuuliza.

Jioni ya kuamkia safari binti aliingia chumbani kwa mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anakunja pembe ya shuka na kuikunjua.

"Mama, nina ombi. Kule ziwani watu hawapazi sauti. Ndege wanaruka. Na wale wazee wa mchumba wangu ni watu wa taratibu sana."

"Basi nitanong'ona."

"Mama, wewe huwezi kunong'ona."

"NANI KASEMA SIWEZI?"

"Mimi!" jirani akajibu kutoka ng'ambo ya ukuta.

Wakatazamana. Mama Mashine akatabasamu, akasema haya, atafunga mdomo kuanzia anashuka garini mpaka anarudi. Binti akamshukuru, akatoka akiwa mwepesi. Lakini ombi lile lilimuuma mama, hakuna haja ya kulificha. Mtoto huyu alilala juu ya magunia huku mashine ikimwimbia, akasomeshwa na sauti hiyo hiyo iliyogombana na wauza mahindi na kuwabembeleza mafundi, na leo anaionea haya. Alijigeuza kitandani, kisha akajiambia kwamba harusi ya mwanawe ni kubwa kuliko moyo wake. Akajikaza kisabuni, akalala.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, matete yamelizunguka, mayungiyungi yameelea pembezoni. Kwenye ukingo palijengwa kibanda cha mbao chenye madirisha membamba ya kuchungulia, na mbele yake gati fupi lililofungwa mashua. Mama wa kijana, mwanamke mwembamba mwenye kofia pana, alikuja na mikono imekunjuliwa.

"Karibu sana, mkwe mwenzangu! Habari za nyumbani?"

Mama Mashine akatikisa kichwa na kutoa meno yote.

"Safari imekuwaje?"

Akatikisa tena.

"Umelala salama lakini?"

Kichwa kile kile. Tabasamu la mwenye kofia likaanza kupungua. Binti akaona, akaingiwa na hofu, akachomekea: "Mama yangu si msemaji sana."

Nusura Mama Mashine aanguke majini. Maisha yake yote alikuwa ameitwa mengi, lakini hilo hakuwahi kuitwa.

Baba wa kijana, mfamasia mstaafu mwenye ndevu nyeupe, akamvisha darubini shingoni na kumwonyesha jinsi ya kuzungusha kigurudumu chake mpaka picha itulie. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mateso yalipoanza. Kwa sababu Mama Mashine aliwapenda wale ndege. Alidhani atachoka baada ya ndege wa pili, kumbe alisahau hata viatu vipya vilivyokuwa vinambana. Alimwona mwari, ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, akitua majini kwa tumbo kama gunia lililotupwa kutoka garini. Alimwona mdiria, kadege kadogo ka buluu, kakisimama hewani palepale, mabawa yakipiga, kisha kakajitosa na kuibuka na samaki. Kila alichokiona kilimpandisha neno kooni. Alitaka kuuliza yule ndege wa miguu mirefu anatembeaje juu ya majani bila kuzama. Alitaka kusema mwari yule anafanana na fundi wake wa mota. Akajifinya paja, akameza.

Mama wa kijana alijaribu tena kwa kumletea kipande cha mkate wa nyumbani. Mama Mashine akaupokea kwa mikono miwili, akala, akafumba macho kwa utamu. Neno hakusema. Mwenzake akasubiri kidogo, akageuka, akamwambia mumewe waende na mashua wakaangalie viota upande wa pili. Wakaondoka, mzee akipiga kasia taratibu. Kibandani wakabaki watatu: Mama Mashine, binti na kijana.

Mama Mashine akazungusha darubini kufuata bata fulani. Bata akapita nyuma ya mashua, na darubini ikabaki hapo. Ndani ya kile kioo akamwona mwenye kofia karibu kabisa, kama amesimama mlangoni pa mashine. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mama Mashine hakukusudia kusoma. Lakini macho yake yamezoea, na midomo ile ilikuwa safi kama maandishi ya ubaoni.

"Umeona mtu anayeringa hivi?" mwenye kofia alikuwa anamwambia mumewe. "Nimemsalimia mara tatu ananitikisia kichwa kama malkia. Nimeamka alfajiri nimemwokea mkate, hata asante sijapata."

Mzee alikuwa amewapa mgongo, kwa hiyo jibu lake halikuonekana.

"Aone haya gani? Anatuona si watu, ndiyo maana. Leo mimi sitaji tarehe yoyote. Kijana asubiri. Nyumba usiyoongea nayo siku ya kwanza utaongea nayo lini?"

Harusi ilikuwa inakwenda na maji mbele ya macho ya Mama Mashine, na mwanawe amekaa pale pembeni akimwonyesha mchumba wake ndege, hajui hili wala lile. Angemnong'oneza binti? Kunong'ona hakuwezi. Angesubiri mashua irudi? Ikirudi, mwenye kofia atakuwa ameshakata shauri, na watu wa taratibu wakishakata shauri ni vigumu kuwageuza. Akaiteremsha darubini, akatoka nje hadi mwisho wa gati, akavuta pumzi kama mtu anayeutangazia mtaa wote kwamba umeme umerudi.

"MKWE MWENZANGU! SIRINGI! NIMEKATAZWA KUSEMA! NA MKATE WAKO NI MTAMU, SIJAPATA KULA MKATE KAMA ULE!"

Ziwa lote likaruka. Mwari, bata, korongo, waliokuwa matetani na waliokuwa majini, wote wakapaa kwa mpigo mmoja wa mabawa, maji yakatoka mapovu, na anga juu ya kibanda ikawa nyeusi, kisha nyeupe, kisha tupu. Mwenye kofia alisimama katikati ya mashua bila kujua kwamba amesimama, mumewe amemshika sketi asije akaanguka. Kijana alikuwa mlangoni pa kibanda, mdomo wazi.

Mama Mashine akaziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Ameharibu. Alikuwa ameombwa kitu kimoja tu. Akageuka kumtafuta binti yake, akamwona amejifunika uso, mabega yakitikisika.

"Si ulisema mama si msemaji?" kijana alimuuliza mchumba wake.

Binti akatoa mikono usoni. Alikuwa analia, au anacheka, au vyote viwili. Akatembea juu ya mbao za gati, yule mkutubi ambaye kijana alizoea kumsogezea sikio, akasimama bega kwa bega na mama yake, akaweka viganja pembeni mwa mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyekulia kwenye mashine.

"MAMA MKWE! NI MIMI NILIYEMKATAZA! NILIONA HAYA, NA HILO NDILO KOSA LANGU! SAUTI HIYO NDIYO ILIYONILEA! MKITUPOKEA, MTUPOKEE NAYO!"

Kijana akashika nguzo ya kibanda. "Kumbe na wewe?" akasema. Baadaye aliwahadithia watu kwamba siku hiyo ndipo alipompenda kweli, lakini wakati ule alionekana tu kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mama Mashine hakuinua darubini. Hakutaka tena kusoma midomo ya mtu. Alimshika binti yake mkono na kungoja, machozi yakimteleza bila yeye kuyafuta. Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya maji, nyembamba, imepasuka katikati, sauti ya mwanamke ambaye pengine hajapiga kelele tangu utotoni.

"MMENIFUKUZIA NDEGE WOTE! SASA TUTATAZAMA NINI?"

Mama Mashine akacheka, akamtazama binti, na binti akamwashiria kwa kidevu: sema, mama.

"TUPANGE TAREHE!"

Ikapangwa hivyo hivyo, kwa makelele, huku mashua ikirudi. Mwenye kofia alitaka mwezi ujao, Mama Mashine akataka baada ya mavuno, kazi ikiwa imepungua, na mzee mfamasia akaacha kupiga kasia ili asikie vizuri. Wavuvi wa upande wa pili walitoa maoni yao. Familia nyingine iliyokuwa imejificha kwenye matete na kamera zao ilijitokeza kupiga makofi. Mlinzi wa ziwa akaja mbio na filimbi mdomoni kuwafukuza wapiga kelele, akafika gatini akihema, akaulizwa na wanawake wawili kwa pamoja kama Jumamosi ya tatu baada ya mavuno atakuwa na nafasi ya kuja harusini.