Abiria Asiye na Kilo

Siku ile tulikuwa wanne ndani ya ajansi: patron Déo mwenye ajansi, Bahati mbebaji wa mizigo, papa mmoja, mzee mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akingojea nafasi, na mimi, ninayekata tiketi. Wa tano ni yule mama ninayetaka kukusimulia. Kama ni wa kuhesabiwa au la, utaamua mwenyewe. Sina sababu ya kukudanganya. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule ili wadogo zangu waendelee, na mtu anayelisha nyumba nzima kwa kazi moja hana muda wa kutunga mambo.

Ajansi yetu iko Kadutu, hapa Bukavu, juu ya soko. Tulikuwa tukiuza nafasi katika ndege ndogo za kwenda Shabunda, msituni. Ndege hizo hubeba bia, samaki wa chumvi na watu pamoja, kwa hiyo kila abiria hupimwa siku moja kabla, yeye na mzigo wake. Wamama wengi huona haya. Wengine huvua viatu, kana kwamba hilo litawaokoa. Lakini ukishapimwa, nafasi ni yako. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sikuzote.

Mvua ilikuwa ikinyesha mchana ule. Akaingia mama wa umri wangu, kitenge cha kijani, kikapu mkononi kimefunikwa kitambaa. Niamini, hakuwa na jambo la ajabu, isipokuwa hakuwa amelowa, na hilo nililifikiria baadaye.

"Maman, unaenda fasi gani?"

"Shabunda, kwetu. Mama yangu iko ananingojea."

Nikamwambia aweke kikapu chini, apande kwenye mizani. Akapanda. Mshale haukutikisika.

Patron akaipiga mizani teke. Akampandisha Bahati, mshale ukaruka kama kawaida. Mama akapanda tena. Hakuna kitu. Tukampa kikapu akishike: kilo kumi na moja.

"Déo, balance yako imezeeka kama wewe," mnunuzi wa dhahabu akasema.

"Hapana, huyu ni abiria muzuri," patron akajibu. "Kila mutu angekuwa hivi, ningeshanunua ndege yangu. Bon. Kama hana kilo, kiti ni ya nini? Andika kikapo ku mizigo. Kiti upatie papa huyu."

"Na mimi?" mama akauliza.

"Wewe utaikalia kikapo yako, maman."

Bahati akacheka. Mama hakucheka. Alinitazama mimi, si patron.

"Dada, umeshanipima," akasema polepole. "Utanifikisha?"

Nikamjibu ndiyo. Wewe ungemjibu nini? Ndivyo tunavyowajibu wote. Akaacha kikapu, akatoka nje, mvuani.

Kesho yake, kwenye kiwanja cha ndege cha Kavumu, hakuonekana. Rubani aliangalia shehena akasema ndege imezidi uzito, kitu kitoke. Kinachotoka kwanza ni mzigo usio na mwenyewe. Nikashika kikapu nikitoe, nikashindwa. Zile kilo kumi na moja nilizopima mwenyewe zilikuwa nzito kama mtu mzima aliyelala. Tulikishusha wawili, mimi na Bahati, na tangu siku ile Bahati hataki tulitaje jambo hilo. Ndege iliporuka, kikawa chepesi tena. Nilikibeba kwa mkono mmoja.

Jioni simu ya ajansi ikalia. Sauti ya mwanamke mzee, kutoka Shabunda.

"Ndege imefika. Mutoto yangu sikumuona."

"Mutoto yako ni nani, maman?"

Akanieleza bila kulia. Binti yake aliugua akafia lopitali huku Bukavu, akazikwa huku, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumrudisha. Kwao, mtu akizikwa mbali, kilio hakianzi mpaka udongo wa kaburi lake ufike nyumbani.

"Alisema analeta udongo yeye mwenyewe, na ndege yenu," akasema.

"Alikuambia lini?"

"Juzi. Alikuja akakaa ku kitanda yangu."

Nikafungua kikapu. Kulikuwa na udongo mwekundu, bado mbichi, na juu yake kitenge cha kijani kilichokunjwa vizuri.

Nilitaka kukipeleka kwa ndege iliyofuata. Haikuondoka. Vita vilifika, kiwanja kikafungwa, kila mtu wa Bukavu anajua. Barabara ya Shabunda? Wanaoijua huicheka tu. Patron sasa anauza tiketi za boti, na mizani ameiuza. Kikapu kiko nyumbani kwangu, nyuma ya mlango, na wadogo zangu wanajua hakiguswi. Jambo jingine: tangu Kavumu, mizani yoyote nikiipanda hunizidishia kilo kumi na moja. Nguo zangu ni zile zile. Muuguzi wa zahanati alinipima mara mbili, akaandika.

Wewe unayefanya kazi ya kusafirisha watu, sikiliza. Usimwambie mtu atafika kwa sababu tu ndivyo mnavyosema kila siku. Yupo atakayekushika kwa neno hilo.

Mtandao ukipatikana, yule mzee hupiga simu.

"Mutoto yangu bado iko kwako?"

"Bado, maman. Iko vizuri."

"Mupatie salamu," husema, kisha hukata. Mpaka leo hajaanza kumlilia.